Gari Lililo Nyuma Yako

Leo twataka kuwaeleza jambo tulilojifunza jangwani.

Katika nyumba yetu tulikuwa na gari kuukuu linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Tulikuwa tumesikia habari za Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989 ili kuchanga fedha za kuuzungushia msitu wa Aberdare ua wa umeme, ua uliomalizika mwaka wa 2009. Mshindi pale si mwenye mbio, bali ni yule apitaye vituo vyote kwa mwendo mfupi kuliko wenzake. Sisi hatukuwa watu wa mashindano, lakini tulijiunga na chama kidogo cha watu wapendao kusafiri pamoja katika njia mbaya.

Tulifundishwa kupunguza upepo wa magurudumu mchangani, na kuupima mto kwa miguu kabla ya kuuvuka. Lakini sheria iliyotiliwa mkazo ni hii: kila dereva ni mlinzi wa gari lililo nyuma yake. Ukifika njia panda, simama. Usiondoke mpaka wa nyuma yako aone unakoelekea. Tuliiona sheria nyepesi.

Basi tukaenda jangwa la Chalbi, upande wa Marsabit. Uwanda ule ni wa chumvi na vumbi, na njia hutawanyika kama vidole vya mkono. Macho yetu yalikuwa kwa gari la mbele, tusije tukaachwa. Penye njia panda hatukusimama. Tulipopumzika, gari la mzee mmoja na mkewe halikuwapo. Kiongozi wa msafara hakuuliza nani amepotea. Aliuliza, "Nani alikuwa mbele yao?" Tulikuwa ni sisi.

Tulirudi kwa kufuata alama za magurudumu, mioyo ikidunda. Tuliwakuta gari limezama, nao wameketi kivulini mwake. Tukaanza kuomba radhi, lakini mzee akasema, "Msijali, wanangu. Tulijua mtarudi."

Jumapili iliyofuata tulimkumbuka ndugu mmoja aliyezoea kuketi nyuma yetu kanisani. Kazi ilikuwa imemwishia, na kwa miezi miwili hakuonekana. Tulipokwenda kumwamkia, alitukaribisha kwa upole, akasema, "Nilidhani hakuna aliyeona." Wapendwa, neno hilo lilituchoma kuliko jua la Chalbi. Mzee wa jangwani alikuwa na hakika ya kutafutwa. Ndugu yetu, mshirika wa kanisa, hakuwa nayo.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Esau alitaka kufuatana na Yakobo njiani. Yakobo alimwomba atangulie, kwa maana yeye alikuwa na watoto wadogo na wanyama wanyonyeshao, naye alitaka kwenda polepole kwa kadiri ya mwendo wao. Hakuona haya kuchelewa. Naye Bwana Yesu, katika Luka 15, atuonyesha mchungaji asiyeridhika na kondoo tisini na tisa.

Mara nyingi sisi Wakristo twawatazama walio mbele: aliyejenga, aliyepandishwa cheo, anayesifiwa kwa maombi. Twala vumbi lao, tukiogopa kuachwa. Lakini Bwana atatuuliza habari za yule aliye nyuma yetu: mjane, kijana aliyeshindwa mtihani, jirani aliyerudi ulevini. Labda amesimama njia panda, hajui tumepita wapi.

Kabla ya juma hili kwisha, tumtafute mmoja. Tusingoje atuite. Na wewe unayetusikiliza ukiwa umezama peke yako, usikate tamaa: Mchungaji anarudi kukutafuta.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe haraka yetu. Utufundishe kusimama na kungoja, kama vile ulivyotungoja sisi. Amina.