Simu na Harusi: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Mazungumzo haya yalitolewa na Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na vijana wanaojiandaa kufunga ndoa, hapa Kasanda. Tunayachapa ili na wale ambao hawakuwepo wayasome na kuyajadili.)



Leo sikuja kufundisha silabi. Silabi mmekwisha zimaliza. Nimekuja kuzungumza juu ya harusi. Naona vijana wanacheka. Chekeni tu, lakini sikilizeni.

Msimu wa kuvuna ukipita, maharage yakishauzwa, harusi zinafuatana. Zamani mambo ya harusi yalikwenda kwa miguu. Mshenga alitembea, mjumbe alitembea, mchango ulifungwa kwenye pindo la khanga. Siku hizi mengi yanapita kwenye simu. Mchango unatumwa kwa simu, kadi ya mwaliko inakuja kwa simu, hata gauni la bibi harusi linachaguliwa kwenye simu. Je, hayo ni mabaya? Hapana. Ni vyombo kama jembe. Lakini jembe nalo humkata mguu asiyejua kulishika.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyesema makosa yake hafundishi vizuri.

Nilipooa mwaka 2017, tulifungua kundi la WhatsApp kwa ajili ya kamati ya harusi. Ndugu na marafiki wakaandika ahadi zao. Orodha ilikuwa na majina 64. Jumla ya ahadi ilikuwa shilingi 2,350,000. Niliona fedha hizo nikafurahi kama vile ziko mfukoni. Tukaagiza mchele, mbuzi, turubai, viti na kipaza sauti, vyote vya shilingi 2,200,000. Vingi tulichukua kwa mkopo. Siku ya harusi ilipofika, fedha zilizoingia zilikuwa shilingi 1,180,000 tu.

Fanyeni hesabu ninyi wenyewe. Mkitoa 1,180,000 katika 2,200,000, mnapata deni la shilingi 1,020,000. Deni hilo tulililipa kwa miezi kumi, mimi na mke wangu. Mahindi tuliyoweka ya kula tuliyauza. Maharage ya mbegu nayo tuliyauza. Siku moja mke wangu aliniuliza, "Wewe unafundisha watu hesabu. Ile orodha ya harusi nani alikuwa anaihesabu?" Sikuwa na jibu. Kila mtu aliiona orodha, lakini hakuna aliyeisoma.

Ndiyo maana leo nasema: panga harusi kwa kilichoingia, usipange kwa kilichoahidiwa.

Sasa tuangalie huduma za simu moja baada ya nyingine. Tuone faida yake na hatari yake.

1. Kutuma na kupokea michango

M-Pesa ilianza hapa Tanzania mwaka 2008. Leo tunazo pia Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas, ambayo zamani tuliiita Tigo Pesa. Kwa huduma hizi shangazi aliyeko Mwanza au kaka aliyeko Dar es Salaam anatuma mchango wake bila kupanda basi. Jambo zuri zaidi ni kwamba kila fedha inapopita, ujumbe unabaki. Ujumbe huo ni stakabadhi. Unaonyesha kiasi, jina, tarehe na saa.

Kwa hiyo mweka hazina wa kamati asifute ujumbe wowote mpaka hesabu ya harusi ifungwe. Na anayetuma asikimbilie kubonyeza. Kabla ya kuthibitisha, jina la mpokeaji huonekana. Lisome. Likiwa si lenyewe, acha. Ukikosea, usingoje kesho. Piga 100 palepale kwa kampuni ya laini yako.

Juu ya namba ya siri, nitawapa habari ya mama mmoja mwanakisomo. Aliuza maharage akaweka shilingi 185,000 kwenye simu, fedha za kumwandaa binti yake. Wakati huo alikuwa hajui kusoma. Akampa simu kijana mmoja amwangalizie salio, na namba ya siri akamtajia. Jioni salio lilikuwa shilingi 5,000. Kijana hakuonekana tena. Mama yule hakuibiwa na simu. Aliibiwa kwa sababu alisomewa. Wiki iliyofuata alikuja kujiandikisha darasani, na leo anasoma ujumbe wake mwenyewe.

Namba ya siri ni yako peke yako. Hata mwanao usimpe, hata wakala usimtajie. Na mkipata ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii", msitume. Hao ni matapeli. Wakisikia kuna harusi, hujifanya wapishi au wenye turubai. Ujumbe wa namna hiyo upelekeni kwenye namba 15040, ambayo imewekwa kwa ajili ya kazi hiyo.

2. Mfuko wa pamoja

Harusi nyingi hukosana kwa sababu michango yote inaingia kwenye simu ya mtu mmoja. Huenda mtu huyo ni mwaminifu. Lakini simu yake ikipotea je? Akiugua je? Akibanwa na shida ya ada ya shule je? Tusimjaribu mwenzetu kwa fedha za watu.

Zipo huduma za vikundi. Mojawapo ni M-Koba, iliyoanza mwaka 2019. Hapo fedha ni za kikundi, na hazitoki mpaka viongozi waliochaguliwa waidhinishe. Wenye vikundi vya kuweka na kukopa wanaelewa, maana ni sawa na lile sanduku lenye kufuli kadhaa, kila ufunguo kwa mtu wake. Kama hamtaki huduma hiyo, basi fanyeni hivi: simu ikae kwa mtu mmoja na daftari likae kwa mwingine. Kila Jumapili wakae pamoja walinganishe.

Daftari liwe na safu nne: ahadi, kilicholipwa, kilichotumika, salio. Tuseme watu 40 wameahidi shilingi 15,000 kila mmoja. Ahadi ni shilingi 600,000. Waliolipa ni 24. Fedha zilizopo ni shilingi 360,000. Basi harusi yenu ni ya shilingi 360,000. Hizo 240,000 zilizobaki zikija, mtaongeza kitoweo. Zisipokuja, hamtadaiwa na mtu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Simu nayo ni daftari, ila linataka msomaji.

3. Kundi la WhatsApp

Kundi linaokoa vikao vingi. Aliyeko mbali anajua kinachoendelea. Picha ya stakabadhi ya dukani ikitumwa humo, kila mtu anaona bei.

Lakini lina ubaya wake. Nimeona makundi ambamo majina ya wasiolipa yanabandikwa kila asubuhi ili waone haya. Mchango ni moyo. Mtu aliyepata ukame shambani usimwaibishe mbele ya watu 100. Mfuate pembeni, tena kwa upole. Na tusisahau wasiokuwa na simu ya kioo. Mzee asiye kwenye kundi si kwamba hayumo kwenye ukoo. Atumwe mtu akamsomee taarifa.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya". Redio ilikuwa moja, watu wakakaa kuizunguka, wakasikiliza, kisha wakajadiliana na kukubaliana la kufanya. Faida ilikuwa katika kujadiliana. Simu moja katikati ya wanakamati inaweza kufanya kazi hiyohiyo, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakiuliza.

4. Kadi za mwaliko

Siku hizi kadi hutengenezwa kwa simu ikatumwa kama picha. Nyingine zina kile kimraba chenye madoa meusi, ambacho mlangoni husomwa kwa simu ili kadi moja isiingize watu kumi. Kadi hizi zinapunguza gharama ya kuchapa na nauli ya kwenda mjini. Ni jambo zuri kwa marafiki na wenzetu wa kazini.

Lakini baba mkubwa, shangazi, na yule aliyesimama kwenye posa, hao hawaalikwi kwa picha. Kwao mtu huenda, akaketi, akasalimia, ndipo akasema neno lake. Nauli ya kuwafuata iandikeni kwenye bajeti.

5. Kununua na kukodi kwa mtandao

Wauzaji wa magauni, pete na mapambo wanaonyesha bidhaa zao kwenye Instagram na WhatsApp. Unaweza kulinganisha bei za Dar es Salaam na Mwanza hali umekaa Kasanda, kisha ukaenda kwa fundi wa karibu ukijua bei halali. Faida hiyo peke yake inatosha.

Ukitaka kununua, jiulize mambo haya. Muuzaji ana duka linalojulikana mahali pake? Je, nina ndugu mjini anayeweza kwenda kulitazama gauni lenyewe? Atakubali nilipe sehemu kwanza na sehemu nipokeapo mzigo? Mzigo utakuja kwa basi gani, na nauli yake nani analipa? Akikuharakisha, "lipa sasa hivi, limebaki moja", mwache. Gauni la siku moja lisiwanyime mbolea ya msimu mzima. La kukodi au la kushonwa hapahapa linapendeza vilevile.

6. Karatasi za ndoa

Jambo hili wengi hulisahau, na kumbe ndilo linalobaki baada ya ngoma kuisha.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa si chini ya siku 21 kabla ya ndoa. Ndoa ni ya hiari ya wote wawili. Sheria hiyohiyo inasema ndoa iliyofungwa kihalali haibatiliki kwa sababu mahari haijamalizwa. Anayetaka kuisoma sheria yenyewe, au hukumu za mahakama, anaweza kuzipata bila malipo kwenye mtandao wa TanzLII.

Kwa vyeti, wakala wa serikali uitwao RITA una huduma ya mtandaoni, eRITA. Humo mtu anaweza kuomba cheti cha kuzaliwa. Asiye na simu ya kufaa aende ofisi ya wilaya, Kakonko. Anzeni mapema. Msingoje wiki ya harusi.

Cheti hicho kina kazi nyingine. Kinaonyesha umri. Sheria ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Tena, tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Kwa hiyo wazazi, kabla ya kuhesabu mahari, hesabuni miaka ya binti. Kama bado ni mtoto, hakuna kadi ya simu wala kundi la WhatsApp litakaloifanya hiyo iwe harusi.

Na ninyi maarusi, baada ya ndoa mali mtakayochuma ikiandikwa jina la mmoja, sheria huichukulia kwanza kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vingine. Ikiandikwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa ni yenu nusu kwa nusu. Basi mkinunua kiwanja, someni karatasi wote wawili kabla ya kutia saini.

Ndugu zangu, nafunga mazungumzo. Harusi ni siku moja, nyumba ni miaka. Tumieni simu ili mwanzo wa nyumba usiwe deni. Someni kila ujumbe. Andikeni kila shilingi. Wewe kijana, mfundishe mchumba wako namna ya kuangalia salio, na wewe binti usikubali kuambiwa tu "hesabu iko sawa". Omba daftari, lisome.

Mke wangu ndiye mweka hazina wetu siku hizi. Mbegu ya maharage hatujauza tena.



Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika kijiji chenu, michango ya harusi huwekwa wapi? Nani huisoma hesabu yake?

2. Watu 50 wameahidi shilingi 10,000 kila mmoja. Waliolipa ni 31. Harusi ipangwe kwa shilingi ngapi?

3. Mtu akikupigia na kukwambia utume fedha ya turubai kwa namba mpya, utafanya nini kwanza?