Mamlaka ya Kiroho katika Maisha ya Mkristo

(Mada iliyotolewa Sumbawanga mbele ya wageni wa usharika, katika ziara ya maadhimisho ya miaka mia moja)



Karibuni Ufipa. Upepo wa uwanda huu mmekwisha kuuonja. Nadhani pia kwamba baadhi yenu, mlipoaga kwamba mnakwenda Sumbawanga, mlitaniwa. Mji huu unatisha ukiwa mbali kuliko unavyotisha ukiwa ndani yake. Husimuliwa kwamba maana ya jina lake ni "tupa uchawi". Watani wetu hulishika neno la pili. Sisi tuishio hapa tungefurahi kama wangelishika na la kwanza.

Nimepewa kusema juu ya mamlaka ya kiroho. Naomba niliweke jambo hili kama swali: mtu akisimama katikati yetu na kusema, "Roho amenionyesha", ni nani aliyempa haki ya kusema hivyo, nami nimsikiaye nina wajibu gani? Penginepo swali hili ni la darasani. Hapa kwetu mjane aweza kupoteza nyumba yake, shamba lake, hata uhai wake, kwa jinsi litakavyojibiwa.

Wafipa wa kale walikwisha kujua kwamba kutawala ni jambo moja na mamlaka ya kiroho ni jingine. Masimulizi ya Milansi, kijiji kihesabiwacho kuwa chimbuko la Ufipa, yasema kwamba wanawake watatu wageni walifika wakati mwenye kijiji yuko mawindoni, wakakikalia kiti chake. Aliporudi, utawala ulikuwa umekwisha kumtoka. Kwa wanawake hao kulitoka ukoo wa Watwa, uliotawala Nkansi na Lyangalile. Hata hivyo mkuu wa Milansi hakufukuzwa. Alibaki na heshima ya mambo ya ibada. Sisemi kwamba Milansi ilikuwa kanisa. Nasema tu kwamba babu zetu hawakudhani kila mwenye nguvu ana baraka.

Sasa nije kwenye jambo lenye uchungu. Katika miaka ya 1930 vijana wa Mchape walitoka Nyasaland wakaenea katika nchi hizi. Jina lao lilitokana na neno la Kinyanja lenye maana ya kuosha. Waliwapanga watu mstari, wakawatazama kwa vioo, na aliyetajwa kuwa mchawi alitakiwa kuzitoa dawa zake na kunywa dawa yao. Miaka ya 1963 na 1964, uhuru ukiwa mchanga, vuguvugu la namna hiyo lilipita Ufipa kwa jina la Kamchape. Vijiji viliwapokea, na kati ya waliowapokea walikuwamo Wakristo waliobatizwa. Kwa nini? Kwa sababu watoto walikuwa wakifa, na hapa palikuwa na mtu aliyesema kwa uhakika: najua chanzo, naweza kukiondoa. Uhakika huo ndio uliouzwa. Kioo kilikuwa chombo tu.

Kioo kimepitwa na wakati. Uhakika ungali unauzwa. Leo muuzaji huvaa suti, hushika kipaza sauti, hujiita nabii au mtume, na husema kwamba ameonyeshwa bibi fulani aliyefunga riziki ya familia. Kuna tofauti gani kati yake na Kamchape? Mimi sioni. Na mjue kwamba Sheria ya Uchawi ya nchi yetu, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, humhesabia kosa hata yule amtajaye mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa amepeleka habari hiyo mbele ya wenye mamlaka waliotajwa na sheria yenyewe. Katika mikoa kadhaa wazee, hasa akina mama, wameuawa baada ya kutajwa hivyo.

Tuyafungue Maandiko. Katika Luka 10 wale sabini wanarudi wakishangilia kwamba pepo wanawatii, na Bwana anaigeuza furaha yao: wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Katika Matendo 19 wana wa Skewa wanalitumia jina la Yesu kama dawa ya kuazima, wakatoka uchi na majeraha. Akida wa Mathayo 8 ndiye aliyeelewa kuliko wote: alijua kuamuru kwa kuwa alikuwa chini ya amri. Naye Paulo, katika 2 Wakorintho 10, asema mamlaka yake alipewa kwa kujenga, si kwa kubomoa. Basi asiye chini ya yeyote, asiyeulizwa na baraza lolote, na ambaye kila apitapo huacha ukoo umegawanyika, tumpime kwa hayo.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lilisema mambo mawili ambayo Walutheri huyakariri kipaimara kisha huyasahau. Katika kifungu cha 14, hakuna afundishaye hadharani pasipo kuitwa ipasavyo. Katika kifungu cha 28, mamlaka ya askofu ni kuhubiri Injili, kusamehe na kufunga dhambi na kutoa sakramenti, wala si upanga. Hapo hakuna uwezo wa kumtaja mchawi. Na kwa kuwa waamini wote ni makuhani, mama wa kikundi cha maombi ana haki ya kumwuliza mchungaji wake, "Neno hili liko wapi katika Maandiko?" Anayeudhika kwa swali hilo amekwisha kujibu.

Kanisa letu lenyewe lilijaribiwa mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 kule Samunge, Loliondo, akisema Mungu alimwonyesha kwa ndoto. Maelfu walikwenda. Namtaja kwa heshima, maana alifariki mwaka 2021, na hakujenga jina lake kwa kuwashitaki majirani. Lakini ndoto ya mtu mwema nayo hupimwa, sawasawa na 1 Yohana 4, na wataalamu wa afya waliowasihi wagonjwa wa UKIMWI wasiache dawa zao hawakuwa wakishindana na Mungu.

Kama mwataka kuona mamlaka iliyojenga, sina mfano bora kuliko Adrian Atiman, ingawa alikuwa Mkatoliki. Tukiwa Ufipa, ambako ndugu hao walitutangulia kwa miaka mingi, si aibu kukiri hivyo. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Hakuwa padre. Alikuwa katekista na tabibu, mwenye mke, na alihudumu ufukoni mwa Ziwa Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1956. Mgonjwa alipomwuliza, "Ni nani aliyeniroga?", tabibu wa namna hiyo hutazama ulimi, hupima homa, hutoa dawa, na huomba pamoja naye. Hospitali ya hapa mjini ina jina lake. Sijui nabii wa kipaza sauti ambaye mji umempa hospitali.

Nimalizie kwa kazi. Katika kila mtaa wenu chagueni wazee wawili, mwanamume na mwanamke. Mara isikiwapo kwamba mtu ametajwa, waende kwake siku hiyo hiyo, wale naye chakula, wampeleke Meza ya Bwana Jumapili ifuatayo wakiwa wameketi kushoto na kulia kwake, na wamjulishe mwenyekiti wa kijiji. Mwinjilisti atayaandika majina ya wazee hao kabla ya chakula cha mchana. Maswali nitayapokea baada ya kwaya.