Wa Katikati
Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, vijijini ni zaidi. Kule wilayani Bahi na Chamwino, mvua zikianza Desemba, mama yumo kwenye mtama na uwele, kichanga yuko mgongoni, mkubwa kapewa ng'ombe achunge. Na wa katikati? Huyo, kabla ya kuitwa jina lake, huitwa kwanza majina ya nduguze wawili. Ni mtulivu, hasumbui, basi husahaulika. Simwambii mzazi aketi na kila mtoto saa nzima, nani anayo? Lakini njia ya kisimani ni ndefu. Leo nenda na huyu, kesho yule, ndoo mkononi. Muulize ameota nini.