Sindano ya Ng'ombe na Miti ya Serengeti



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya jinsi viumbe vya porini vitegemeanavyo. Jambo hili ni pana mno, basi tumeona heri tushike habari moja tu, ya ng'ombe na nyumbu wa Serengeti, maana sisi watu wa mifugo yatuhusu tangu zamani za babu zetu.

Nyote mmesikia habari za sotoka. Ugonjwa huo uliingia pande za Eritrea karibu na mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa merikebu. Hata ilipofika 1891 ulikuwa umekwisha kuingia nchi ya Wamasai. Ng'ombe wakafa kwa makundi, nyati na nyumbu nao wakafa, na watu waliokosa maziwa wakafa kwa njaa. Baadaye makali yake yalipungua, lakini haukuondoka. Uliendelea kuwaua nyumbu wachanga, na mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kama 250,000 tu.

Wafugaji waliwalaumu wanyama wa porini, wakisema, Hao ndio waletao maradhi zizini. Nasi tulilelewa katika maneno hayo. Lakini ng'ombe wa kandokando ya mbuga walipochanjwa, kufikia 1963 sotoka iliwatoka nyumbu pia, wala hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja. Ndipo ilipojulikana ya kuwa ng'ombe wetu ndio waliokuwa wakiwaambukiza. Neno hili si tamu masikioni mwa mfugaji, lakini ni kweli.

Sasa angalieni yaliyofuata. Ndama walipona, wakakua, wakazaa. Mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamepita 1,300,000. Midomo hiyo yote ilikula majani ambayo zamani yalibaki yakakauka, yakawa chakula cha moto wa kiangazi. Moto ulipokosa chakula, ukapungua. Na miche ya migunga, ambayo zamani iliungua kabla haijapita kimo cha ndimi za moto, ikapata nafasi ya kukua, hata mahali pengi palipokuwa wazi pakaota miti tena. Simba na fisi nao wakaongezeka kwa kuwa nyama ilikuwa tele. Ni nani, akimshika ng'ombe pembe ili achomwe sindano, angaliwaza habari za mti? Mabwana wa mifugo walitaka kuokoa ng'ombe tu.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani pote. Hata hivyo, mwaka 1994 kama theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa mbwa, na mbwa wa vijijini wakachanjwa kama walivyochanjwa ng'ombe. Lakini mara hii haikutosha: ugonjwa uliendelea kuonekana katika simba, na yaelekea wako wanyama wengine wa porini wauchukuao.