Filamu, Wanaanga na Kituo cha Tunguu



Kuna kauli inayovuma katika idara zetu za sanaa: kwamba mwenye filamu hana kesi ya kujibu mbele ya mwanahistoria. Atunge atakavyo, mradi "ukweli wa ndani" ubaki. Jioni hii nimekuja kuivunja kauli hiyo, na shahidi wangu wa kwanza ni mwanaanga wa Marekani, Gus Grissom.

Habari za mashindano ya Marekani na Umoja wa Kisovieti ya kwenda angani mnazijua, sitazirudia. Tarehe 21 Julai 1961 chombo cha Grissom, Liberty Bell 7, kilitua baharini. Mlango ukafyatuka, maji yakaingia, chombo kikazama. Mwenyewe alisema hakugusa kifyatulio. Filamu ya The Right Stuff ya mwaka 1983, aliyoiongoza Philip Kaufman kutokana na kitabu cha Tom Wolfe, inamwonesha akihaha ndani ya chombo, na mtazamaji anatoka ukumbini amekwisha kumhukumu kuwa mwoga.

Haya, tupime. Oktoba 1962 mwanaanga mwenzake, Wally Schirra, aliufyatua mlango wa chombo chake makusudi, kikiwa juu ya meli. Kifyatulio kilirudi kwa kishindo kikamjeruhi mkono. Grissom hakukutwa na jeraha la namna hiyo. Kisha NASA ikamkabidhi uongozi wa Gemini 3, mwaka 1965. Nani humpa mwoga usukani? Yote hayo yalijulikana miaka mingi kabla ya filamu. Lakini Grissom alikuwa amekwisha kufa kwa moto wa Apollo 1, Januari 1967, na maiti hajitetei. Huo "ukweli wa ndani" ni wa nani, basi?

Nitaulizwa kuhusu filamu nyingine, Hidden Figures ya 2016, pale bosi anapokibomoa kibao cha choo cha weusi. Tukio hilo ni la kutunga, na bosi mwenyewe ni wa kutunga. Nalivumilia shingo upande: halikumchafua mtu, na ubaguzi ulikuwapo kweli. Ila limempa mzungu ushujaa, ilhali Katherine Johnson, mwanahisabati mweusi wa NASA anayesimuliwa humo, alikuwa akitumia choo kisicho na kibao bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sasa niruhusuni nikisifu chanzo ninachokipenda kuliko vyote: nakala ya mazungumzo ya redio ya mwanaanga John Glenn akiizunguka dunia, 20 Februari 1962. Mizunguko 3, saa 4 na dakika 55. Kituo cha Canary kinampokea, kinamkabidhi Kano. Kano inamkabidhi Zanzibar. Zanzibar inamkabidhi meli iliyo Bahari ya Hindi. Kisha Muchea, Australia. Kila kituo kinauliza hali yake na ya chombo, na yeye anajibu kwa utulivu, tarakimu baada ya tarakimu. Jua linapochomoza anaripoti chembe zinazong'aa kama vimulimuli. The Right Stuff inazihusisha na cheche za moto uliokokwa na wenyeji asilia wa Australia. Jibu la kweli lilipatikana Mei mwaka huohuo: mwanaanga Scott Carpenter aligonga ukuta wa chombo chake kutoka ndani, chembe zikaruka. Ilikuwa barafu. Hakuna uchawi uliotungwa unaolishinda pigo hilo moja la mkono.

Niliwahi kuionesha filamu hiyo nyumbani, Unguja. Mzee mmoja wa ukoo wetu, aliyekikumbuka vizuri kituo cha Tunguu, ndicho kile "Zanzibar" cha kwenye nakala ya Glenn, aliitazama hadi mwisho, akauliza: "Australia tumeiona. Sisi tuko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Kituo kile kilisikiliza safari hizo za mradi wa Mercury, kilizusha mabishano makali ya kisiasa visiwani, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Filamu haikukipa hata tukio moja.

Wenzangu wataniambia kwamba filamu haiwezi kubeba kila kitu. Ni kweli. Hata hivyo sibanduki: kinachoachwa hudanganya zaidi ya kinachotungwa, kwa kuwa uongo uliotungwa unaweza kukanushwa, lakini kisichotajwa hakuna anayekiulizia.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa historia waliomo ukumbini: nendeni Tunguu na vinasa sauti, mkawahoji wazee waliokijua kituo kile wangali hai. Hollywood haitawafanyia kazi hiyo.