Ploti Zisimeze Njia ya Ng'ombe: Hotuba kwa Wakazi wa Ogwedhi



Soko hili liko mpakani mwa Migori na Narok. Siku ya mnada Mjaluo, Mmaasai na Mkuria huuziana mifugo hapa, na kando yao mama wa chakula, kijana wa bodaboda na mwenye vyumba vya kupanga hupata riziki. Riziki hiyo yote inaanzia kwenye kwato za ng'ombe. Lakini soko likichangamka, wanunuzi wa ploti nao hufika. Ndiyo maana inafaa Ogwedhi itazame Kitengela.

Kitengela iko Kajiado, kilomita 30 hivi kusini mwa Nairobi, na zamani ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mwaka wa 1988 ranchi ya pamoja iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Kisha viwanda vya kuuza bidhaa nje vikafunguliwa jirani, Athi River, na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Vyumba vikajengwa, maduka yakafuata, na sensa ya 2019 ikakuta mji wa watu zaidi ya 150,000.

Biashara ilipatikana, hilo halikataliki. Kwa mfugaji ni habari nyingine. Aliyeuza ekari moja moja ili alipe karo alijikuta amezungukwa na seng'enge za watu wengine, na ng'ombe wake hawana pa kupita kwenda majini. Pesa ya shamba ina miguu. Kuanzia mwaka wa 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua, ili mifugo na wanyama wa Mbuga ya Nairobi wapite. Ulisaidia, ila dola 4 haziwezi kushindana na bei ya ploti.

Ogwedhi haina jiji jirani, kwa hiyo bado ina nafasi. Familia inayogawa shamba kando ya soko ichore njia ya mifugo na mahali pa maji kwenye ramani kabla ploti ya kwanza haijauzwa. Njia ya mazoea tu, isiyo kwenye ramani, mwenye hati mpya anaweza kuifunga asubuhi moja. Ugawaji wenyewe unahitaji kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya 2019.

Shamba la kilimo likiuzwa, ombi lipelekwe kwa bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini ya bodi, mauzo ni batili. Na kama ni mali ya ndoa, sheria ya 2013 inamtaka mume apate idhini ya mkewe, na mke ya mumewe. Mnunuzi naye aende kwa msajili wa ardhi kukagua hati kabla ya kutoa hata shilingi.