Huzuni ya Siku Fupi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo twawakusudia jamaa zetu waliohamia Uingereza kutoka Unguja, Mombasa na Barawa. Kipupwe cha kwetu ni ubaridi wa kupendeza. Majira ya baridi ya huko ni jambo jingine. Mwezi wa Desemba jua la London huchomoza yapata saa mbili asubuhi, likachwa kabla ya saa kumi alasiri. Mtu huenda kazini gizani na kurudi gizani. Basi wapo ambao nyoyo huwazama, usingizi ukawazidi, hata kuitikia salamu kukawa mzigo. Wenziwao husema imani yao imepungua. Neno hilo si la haki. Madaktari waliyapa maradhi haya jina mwaka 1984, wakayafungamanisha na uchache wa mwanga. Naye Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kukingwa na huzuni, ni nani aliyemzidi imani?

Adhuhuri huko huangukia saa za nuru. Mwenye kuweza na aende msikitini kwa miguu. Na huzuni ikidumu wiki mbili, amwendee daktari bila ya haya, kwani kutafuta dawa ni katika mafundisho ya Mtume.

Na bibi kizee akaaye peke yake ghorofani, asiyejua Kiingereza, asingojeshwe mpaka Idi. Mwenye gari amwendee mchana, amtoe nje, hata kama jua limefunikwa na mawingu.